UPS ikikutekenya: testa, plagi ya taa tatu, multimita au klampu?

Simu yenyewe ilikuwa fupi: "Fundi, hii UPS inanitekenya." Aliyepiga ni dada mwenye steshenari: kompyuta tatu, printa mbili, fotokopi moja iliyozeeka. Nilipofika nikakuta hiyo UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, ni ya pili ndani ya miezi mitatu. Ya kwanza ilishahukumiwa. Fundi aliyenitangulia alitoa testa mfukoni, akaigusisha kwenye bodi, yaani ganda la nje la UPS, taa ikawaka, akasema inavujisha, nunua nyingine. Dada akanunua. Mpya nayo ikatekenya vilevile.

Testa ilimwambia fundi kwamba kuna umeme kwenye bodi, na kweli ulikuwepo. Umetoka wapi, hiyo testa haisemi. Ndiyo maana nimeandika haya kwa ajili ya mtu anayesimama kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo, au River Road kule Nairobi, akijiuliza atoe hela kwa kipimo kipi. Vyote vinauzwa kama "vya kupimia umeme", lakini kila kimoja kina maswali yake na uongo wake.

Kwanza, unatafuta nini?

Malalamiko ya UPS ya aina hii yana vyanzo vitatu, na watu huviita vyote "kuvuja".

Cha kwanza ni nyaya kugeuzwa. Soketi zetu za matundu bapa zinafuata kiwango cha Uingereza cha BS 1363, kilichotoka mwaka 1947. Ukiitazama soketi ukutani, tundu la ethi (waya wa kwenda ardhini) likiwa juu, waya wa moto uko kulia na nyutro (waya wa kurudisha umeme) kushoto. Fyuzi ndani ya plagi imekaa upande wa moto, na swichi ya soketi kwa kawaida inakata moto peke yake. Nyaya zikigeuzwa, taa zitawaka, UPS itachaji, hakuna atakayejua. Siku fyuzi ikiungua, au ukizima swichi ili ufungue kifaa, kilichokatika ni nyutro, na ndani ya kifaa kilichozimika bado kuna volti 230. Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni rangi. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa ethi. Za sasa ni kahawia, bluu, na kijani chenye njano. Ukileta kebo ya Kimarekani, nyeusi ndiyo moto. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara tatu na mafundi watatu tofauti huwa na zote.

Cha pili ni ethi kutokuwepo, na hapa ndipo kutekenya kunapozaliwa mara nyingi. Ndani ya UPS, na ndani ya pawasaplai ya kompyuta, kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme: moja kati ya moto na bodi, nyingine kati ya nyutro na bodi. Zimewekwa makusudi. Ethi ikiwepo, kijimkondo kinachopita kwenye kapasita kinaenda zake ardhini. Ethi isipokuwepo, bodi linabaki limening'inia katikati ya zile kapasita mbili, yaani karibu nusu ya 230, volti 115 hivi. Chukua kapasita ya nanofaradi 4.7: kwa volti 230 na hezi 50 inapitisha miliampia 0.34. Mwili wa mtu huanza kuhisi umeme kwenye nusu miliampia hivi, kwa hiyo kifaa kimoja huwezi kukihisi. Funga kompyuta, skrini, printa na UPS kwenye ekstensheni moja isiyo na ethi, mikondo inajumlika kuwa miliampia 1.4. Dada anatekenywa. Hakuna kifaa kibovu hata kimoja hapo.

Cha tatu ndicho kuvuja kwenyewe: insuleta imechubuka, maji yameingia kwenye soketi, panya ametafuna waya juu ya dari, au transfoma ya UPS imeungua ndani. Hiki ndicho kinachoua.

Kipimo kizuri ni kile kinachokutofautishia hivi vitatu. Sasa tuvitazame.

Testa ya bisibisi

Bei yake ni ya soda mbili tatu, ndiyo maana kila mtu anayo. Taa ndogo ya neoni na rezista kubwa, mwili wako ukiwa sehemu ya njia ya umeme. Kwa swali la "tundu lipi lina moto kwenye soketi ya ukutani" inajitahidi: ikiwaka kushoto badala ya kulia, umeshapata jibu la nyaya kugeuzwa.

Kwa UPS ndipo inapokupoteza. Neoni huwaka kuanzia volti sitini hadi tisini hivi na inahitaji mkondo mdogo mno, kwa hiyo bodi lenye volti 115 za kapasita na bodi lililogusana na waya wa moto, kwake ni sawasawa. Halafu kuna hili ambalo limefukuzisha UPS nyingi nzima: zima umeme wa ukutani, UPS ikiwa kwenye betri, chomeka testa kwenye soketi za UPS. Mara nyingi itawaka matundu yote mawili. UPS nyingi ndogo, zikihamia betri, hujitenga na nyaya za jengo ili zisirudishe umeme kwenye laini, na hapo nyutro inakosa pa kujiegemeza. Kila upande unaelea na volti zake. Ni kawaida ya mashine, sawa na jenereta ndogo ya petroli ambayo haijafungwa ethi.

Na kinyume chake: mchana wa jua kali huioni ikiwaka, na ukiwa umevaa raba nene juu ya sakafu kavu huenda isiwake. Kutowaka kwa testa kusikufanye ushike waya.

Plagi ya taa tatu

Hii ni plagi kama plagi nyingine, ila mgongoni ina taa tatu na jedwali: taa hizi zikiwaka ni sawa, zikiwaka hivi moto na nyutro vimegeuzwa, zikiwaka vile ethi haipo, na kadhalika. Sekunde tatu kwa soketi. Ofisi ya soketi thelathini unaimaliza kabla chai haijapoa, na huhitaji kugusa waya wala kujua hesabu. Kwa mtu asiye fundi mimi hupendekeza hii kabla ya kitu kingine chochote, mradi iwe ya pini tatu bapa. Zile za pini mbili za mviringo hazina maana hapa, maana plagi ya namna hiyo kwao Ulaya huingia kwenye soketi upande wowote, na vifaa vyao vimeundwa kwa kulijua hilo.

Ina upofu wa aina mbili. Nyutro na ethi zikibadilishana haioni, kwa sababu zote mbili ziko karibu na volti sifuri. Na haijui ethi nzuri na ethi ya jina. Taa zake zinakula mkondo mdogo sana, kwa hiyo ethi rodi iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu, yenye omu mia tano, inapata alama ya "sawa" kama ile ya omu tano. Siku moto ukigusa bodi, rodi ya omu mia tano itapitisha chini ya nusu ampia. Hakuna breka ya kawaida itakayojikata kwa mkondo huo, na bodi litabaki na umeme likikusubiri.

Tena usiichomeke kwenye UPS iliyo kwenye betri ukaamini jibu lake. Umeme unaoelea unaichanganya kama unavyoichanganya testa.

Taa ya UPS yenyewe

Wengine huuliza: mbona kwenye kitabu cha UPS kuna taa ya hitilafu ya nyaya, na yangu haijawahi kuwaka? Angalia kama kitabu hicho ni cha toleo la volti 120. Matoleo mengi ya volti 230 hayana taa hiyo, kwa sababu zile zile za soketi za Ulaya zinazogeuzwa. Ikiwepo na ikawaka, ichukulie kama mtu aliyesema "hapa kuna harufu", ukapime. Ikiwaka tu pale jenereta inapofanya kazi, angalia nyutro ya jenereta kabla hujaigusa UPS.

Multimita

Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu na uko tayari kujifunza nusu saa, nunua hii. Inakupa namba, na namba ndizo zinazotenganisha vile vyanzo vitatu. Iweke kwenye volti za AC, kiwango cha juu, na upime matundu matatu ya soketi mawili mawili. "Kulia" na "kushoto" hapa ni matundu yenyewe, ethi ikiwa juu:

| Hali ya soketi | Kulia–kushoto | Kulia–ethi | Kushoto–ethi |
|---|---|---|---|
| Sawa | 230 hivi | 230 hivi | 0 hadi 3 |
| Moto na nyutro vimegeuzwa | 230 hivi | 0 hadi 3 | 230 hivi |
| Ethi haipo | 230 hivi | inaelea | inaelea |
| Nyutro na ethi zimebadilishana | 230 hivi | 230 hivi | 0 hadi 3 |

Tazama mstari wa kwanza na wa mwisho: vinafanana. Multimita nayo haioni nyutro na ethi zilizobadilishana kwa kupima volti tu. Nyumba yenye RCCB, ile breka yenye kitufe cha T, itajikata mara tu mzigo ukiwashwa. Isiyo nayo itaendelea kwa miaka huku waya wa ethi ukibeba mzigo wa kila siku, na bodi la UPS likiwa limeungwa na nyutro. Nyutro hiyo ikikatika juu ya nguzo, bodi linapata moto. Kwa hili hakuna njia ya mkato: breka kuu chini, soketi ifunguliwe, waya ufuatwe hadi mwisho wake.

"Inaelea" maana yake ni namba isiyo na msimamo: 40, 70, 115, inabadilika ukisogeza mkono. Multimita ya dijitali ina ukinzani mkubwa, kwa kawaida megaomu 10, kwa hiyo hata umeme wa kuambukizwa na waya wa jirani inausoma. Ndiyo sababu napenda zile zenye sehemu iliyoandikwa LoZ, ambako mita hujiwekea mzigo mdogo. Bodi lenye volti 115 za kapasita, ukilipima kwa LoZ, linaanguka hadi volti chache. Bodi lililogusana na moto kweli linabaki 230. Hilo peke yake lingemwokolea yule dada UPS ya kwanza.

Kipimo kingine cha multimita hakihitaji umeme kabisa, na watu hukisahau. Chomoa UPS ukutani, izime kabisa, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya ethi ya plagi, nyingine kwenye chuma cha bodi penye skrubu isiyopakwa rangi. Iwe chini ya omu moja. Fanya hivyo hivyo kwa ekstensheni, pini ya ethi hadi tundu la ethi. Ekstensheni za bei ya chini zenye soketi za "kila plagi" mara nyingi zina waya wa nyuzi mbili tu ndani. Tundu la tatu ni pambo.

Halafu kuna suala la mawimbi. UPS nyingi ndogo, zikiwa kwenye betri, hazitoi wimbi laini kama la gridi. Hutoa la ngazi ngazi. Multimita ya kawaida hukokotoa volti kwa kudhania wimbi ni laini, na kwenye wimbi la ngazi lenye volti 230 halisi inaweza kukuonyesha 180. Nimeona UPS ikirudishwa dukani kwa "kutoa umeme mdogo" kwa sababu hii. Mita iliyoandikwa True RMS haikosei hapo. Ukinunua, angalia pia alama ya CAT III (daraja la usalama wa mita) na volti 600 pembeni ya matundu ya waya zake. Mita ya volti isiyo na alama hiyo waachie wapima betri za redio.

Usiitumie kupima miliampia kati ya bodi na ethi. Ikiwa hitilafu ni ya kweli, utapitisha umeme wote kwenye fyuzi ya mita, na mita za bei poa nyingine hazina fyuzi inayostahili jina hilo.

Na ule mtindo wa balbu? Unaujua: balbu ya wati 60, waya mmoja kwenye moto, mwingine kwenye ethi, ikiwaka vizuri ethi ni nzuri. Kweli inapima ethi kwa mzigo, jambo ambalo plagi ya taa tatu haiwezi. Lakini ethi ikiwa mbovu, tuseme rodi ya omu 300, unapandisha vyuma vyote vilivyofungwa ethi nyumbani, pamoja na friji anayoigusa mtoto jikoni, hadi volti hamsini na zaidi. Mimi niliacha.

Klampu ya uvujaji

Sasa tunaingia kwenye uvujaji wenyewe. Klampu ni mita yenye taya za kukumbatia waya. Ya kawaida, ile ya ampia 400, haitakusaidia; hatua yake ndogo mara nyingi ni miliampia 10 au zaidi, na wewe unatafuta mbili tatu. Ya uvujaji husoma sehemu za miliampia, na bei yake ni mara kadhaa ya multimita nzuri.

Matumizi yake ni rahisi ukishaelewa. Ifungie kwenye moto na nyutro kwa pamoja. Kinachoenda na kinachorudi vinafutana. Kinachobaki kwenye skrini ndicho kilichopotea njiani. Ukiifungia kwenye kebo nzima, ethi ikiwa ndani, itasoma sifuri hata kama kuna uvujaji, maana unarudi kwa ethi hiyo hiyo. Kwa hiyo utahitaji kipande cha ekstensheni ulichokichuna ganda la nje ili nyuzi zitengane, au upimie kwenye breka, kazi ya fundi.

Inapong'ara ni kwenye fumbo hili: ofisi ina RCCB ya miliampia 30, kila kitu kinafanya kazi, wanaongeza kompyuta mbili na UPS, breka inaanza kujikata kila asubuhi. Wanabadilisha UPS, inajikata. Wanabadilisha breka, inajikata. Hakuna kibovu. Kifaa cha kuchomeka cha aina hii kinaruhusiwa kuvuja hadi miliampia 3.5 kupitia ethi, na RCCB ya 30 ina haki ya kujikata popote kati ya 15 na 30. Vifaa vitano au sita vyenye vichujio na umeshaingia kwenye eneo hilo. Kanuni za Uingereza, BS 7671, toleo la mwaka 2018, zinataka uvujaji wa kudumu usizidi asilimia 30 ya kiwango cha breka, yaani miliampia 9 kwa breka ya 30. Klampu itakuonyesha, tuseme, 13, kisha unachomoa kifaa kimoja kimoja ukiona namba inavyoshuka. Zikishuka kidogo kidogo kwa usawa, gawa soketi kwenye breka mbili. Kimoja kikiondoka na miliampia 8 peke yake, umempata mwizi.

Kwa steshenari moja, usinunue. Tafuta fundi mwenye nayo.

Mega

Mafundi wa majengo huita mega, kipima insuleta. Kinasukuma volti 500 za DC kwenye nyaya zilizokatiwa umeme na kusoma megaomu. Chini ya moja, nyaya zina tatizo. Ni kwa ajili ya jengo, si kwa ajili ya UPS. Kabla hakijawashwa, kila UPS, kompyuta na ekstensheni yenye kinga ya radi iwe imechomolewa, la sivyo utapata namba ya uongo au utaua kifaa kizima. Ukifikia hatua ya kukihitaji, ita fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, na muulize kama anacho.

Kwa hiyo, nani anunue nini

Mwenye duka au ofisi ndogo: plagi ya taa tatu, basi. Fundi kompyuta anayezunguka kwa wateja, multimita yenye True RMS na LoZ, na plagi ya taa tatu kwenye begi kwa ajili ya haraka. Klampu ya uvujaji mnunue wawili watatu kwa pamoja, ila mkubaliane mapema inalala kwa nani. Testa ya bisibisi endelea nayo, ni bisibisi nzuri.

Na unapojaribu kama UPS inashika, zima swichi ya ukutani, usichomoe plagi. Ukichomoa unaondoa na ethi, na kutekenya unakokutafuta unakutengeneza mwenyewe.

Nirudi steshenari. Plagi ya taa tatu ilisema soketi ya ukutani ni sawa. Multimita: 231, 231, 1. Ukuta hauna kosa. Nikapima bodi la UPS hadi ethi ya soketi: 109. Nikageuza kwenye LoZ: 2. Basi nikainama chini ya meza. UPS ilikuwa na plagi ya pini mbili za mviringo, imesukumwa kwenye ekstensheni kwa kufunguliwa na kalamu kwenye tundu la ethi, kama tunavyofanya sote, na ekstensheni yenyewe ina nyuzi mbili. Nikaweka plagi ya pini tatu na ekstensheni yenye ethi. Bodi likasoma 0.

"Na ile ya zamani, fundi?" Alikuwa ameiweka stoo, juu ya boksi la karatasi za A4. Tukaichomeka. Betri ilikuwa imelala kidogo, ila ilishika. Sasa ndiyo inayolisha fotokopi ndogo ya mdogo wake, duka la pili.